Barry Bonds au Pete Rose: ukibakiwa na kura moja ya Cooperstown, unampa nani?

Ikifika Januari Wamarekani wa besiboli ni ubishi tu, nani anastahili kuingia Jumba la Magwiji kule Cooperstown, New York, na nani abaki nje, na kama unafanya nao kazi au mnanyolewa saluni moja basi lazima siku moja utaulizwa na wewe uko upande gani. Majina yanayotajwa ni mengi ila ukiyachekecha yanabaki mawili yanayogawa watu kweli kweli. Barry Bonds, mwenye homurani nyingi kuliko yeyote aliyewahi kucheza ligi kuu, 762, homurani ni kupiga mpira ukavuka uzio ukazunguka besi zote nne, vile vituo vya kukimbilia. Na Pete Rose, mwenye hiti nyingi kuliko wote, 4256, hiti ni kupiga mpira ukafika besi salama. Wote hawamo. Mwenye rekodi ya hiti hayumo, mwenye rekodi ya homurani hayumo, halafu jumba linaitwa la magwiji.

Mi upande wangu nautaja mapema ili usome ukijua: kura yangu ya mwisho nampa Bonds, Rose namwacha nje. Ila sio kwa zile sababu wengi wanazotoa, na kuna sehemu Rose anamshinda Bonds mchana kweupe, tutafika.

Kwa asiyefuatilia, mfumo uko hivi. Mchezaji awe amecheza angalau misimu 10 na akae miaka 5 tangu astaafu, ndo jina lake linaenda kwa waandishi wa habari za besiboli wenye uanachama wa miaka 10 na zaidi kwenye chama chao. Kila mwandishi mwisho majina 10. Ukipata asilimia 75 umeingia, ukikosa hata asilimia 5 unafutwa hapo hapo, na ukizunguka miaka 10 bila kufikisha 75 karatasi inakutema. Ukishatemwa unabakiwa na mlango wa nyuma, kamati ya watu 16, na pale unahitaji kura 12. Halafu kuna kile kipengele kwenye kanuni kinachosema mpiga kura aangalie pia uadilifu, uanamichezo na tabia ya mtu, na hicho ndo chanzo cha vita yote hii.

Tuanze na uwanjani.

Rose alicheza kuanzia 1963 mpaka 1986, sehemu kubwa Cincinnati Reds, mji aliozaliwa. Huyu jamaa hakuwa na mwili wa kutisha wala spidi ya ajabu, alikuwa na moto tu, hata akipewa besi ya bure, mrushaji akikosea kurusha mara nne, anaikimbilia mbio kana kwamba anafukuzwa, wakamwita Charlie Hustle. Mchezaji bora chipukizi 1963, MVP (mchezaji bora wa msimu) 1973, bingwa wa World Series, fainali ya ligi kuu, mara tatu, 1975 na 1976 akiwa na Reds na 1980 akiwa na Phillies, ameitwa All-Star, mechi ya nyota wa ligi, mara 17 tena kwenye nafasi tano tofauti uwanjani, hiyo ya nafasi tano sio jambo dogo. 1978 alipiga hiti mechi 44 mfululizo. Tarehe 11 Septemba 1985 akapiga mpira mwepesi kushoto kwa uwanja dhidi ya Eric Show wa San Diego, ile hiti iliyompitisha Ty Cobb, mwenye rekodi ya zamani, uwanja mzima ukasimama ukapiga makofi dakika kama saba, Rose kasimama besi ya kwanza analia, mtoto wake kaja kumkumbatia, na huyo Show mrushaji kaona isiwe tabu akakaa chini kabisa pale kwenye kichuguu cha kurushia anasubiri sherehe iishe. Hata usipoijua besiboli ukiangalia ile video unaelewa.

Lakini sasa, tuache machozi. Siku hiyo Rose alikuwa na miaka 44 na alikuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, yaani anayepanga kikosi ni yeye na anayejipanga kikosini ni yeye. 1983 akiwa Phillies alikuwa na wastani wa .245, yaani hiti chini ya robo ya majaribio, na homurani sifuri, kwa mtu anayecheza besi ya kwanza, nafasi ya wapigaji wazito, hayo ni maji kabisa. 1986 alimaliza na .219. Kocha mwingine angeshampumzisha zamani. Kwa hiyo hizo hiti 4256 ni za kweli, hakuna anayezipinga, ila sehemu yake ni ya mtu aliyeng'ang'ania kiti mpaka amfikie Cobb. Ndo maana ana rekodi ya mechi nyingi kuliko wote pia, 3562.

Bonds sasa. Ngoja nikupe mechi moja tu. Tarehe 28 Mei 1998 Arizona wanaongoza 8-6 dhidi ya San Francisco Giants, iningi (zamu) ya mwisho, wawili wameshatoka, anahitajika mmoja tu atoke mechi iishe, ila besi zote tatu zimejaa watu wa Giants na anayekuja kupiga ni Bonds. Kocha wa Arizona, Buck Showalter, akaagiza apewe besi ya bure makusudi. Maana yake nini, maana yake besi zimejaa kwa hiyo kila mtu anasogea na wa besi ya tatu anaingia nyumbani, yaani kocha anawapa wapinzani pointi kwa mkono wake mwenyewe, 8-7, ili tu yule mtu asishike gongo. Akaja Brent Mayne, akapiga, ikadakwa, Arizona wakashinda. Watu wakamwona Showalter kichaa lakini hesabu yake ilitiki.

Na angalia mwaka, 1998. Wengi waliomchunguza Bonds wanasema dawa alianza baada ya msimu huo, baada ya kuona nchi nzima inawaimba Mark McGwire kwa homurani 70 na Sammy Sosa kwa 66 wakati yeye, aliyekuwa bora kuliko wote wawili, hamna anayemwangalia. Mpaka mwisho wa 1998 Bonds alikuwa na homurani 411, ameiba besi (kukimbilia besi ya mbele wakati mrushaji anarusha) 445, MVP tatu, Gold Glove nane za ulinzi. Hapo hapo alikuwa mtu wa kwanza kwenye historia kuwa na 400 na 400 kwa pamoja. Ukiikata kazi yake pale na kisu, ukatupa kila kitu cha baada yake, 73 za 2001 tupa, MVP nne za 2001 mpaka 2004 tupa, bado huyo mtu anaingia Cooperstown mwaka wa kwanza bila mjadala.

Rose huwezi kumfanyia hivo. Sio kwamba hastahili kwa namba, anastahili, ila ubora wake umejengwa na urefu. Kuna kipimo kinaitwa WAR, kinakadiria mchezaji ameiongezea timu ushindi kiasi gani kuliko angewekwa mtu wa kawaida wa kujaza nafasi. Kwa hesabu za Baseball Reference Bonds yuko kama 163, Rose kama 80, na Rose amecheza mechi karibu 600 zaidi. Nusu! Kufika besi, ambayo ndo kazi namba moja ya mpigaji, Rose .375 na Bonds .444. Na 2004 Bonds alipewa besi za bure 232 msimu mmoja, 120 kati ya hizo za makusudi kabisa, akawa anafika besi mara sita kwenye kila kumi. Hayo ni mambo ya video gemu.

Kwa hiyo kama kigezo chako ni ubora tu, funga mjadala, Bonds. Shida hakuna anayepiga kura kwa ubora tu.

Kesi ya Rose ni kubeti. Na hapa wasomaji wa kwetu mnaielewa kuliko hata baadhi ya Wamarekani maana mikeka imeshachanika sana mitaani kwetu. 1989 mwanasheria John Dowd aliandikia ligi ripoti kwamba Rose, akiwa kocha wa Reds, alibeti mechi za timu yake mwenyewe, 52 kwa mwaka 1987 peke yake. Agosti 1989 akakubali kufungiwa maisha. 1991 jumba likaweka kanuni kwamba aliyefungiwa na ligi hawezi hata kuwekwa kwenye karatasi ya kura. Rose akakataa, akakataa, karibu miaka 15 anakataa, mpaka 2004 akakubali, tena kwenye kitabu anachokiuza. Utetezi wake siku zote ni kwamba alibeti timu yake ishinde, hajawahi kubeti ifungwe.

Watu wanaupenda sana huo utetezi. "Si alibeti ashinde, kosa liko wapi?" Kosa liko hapa. Kocha wa besiboli anacheza mechi 162 kwa msimu na kila siku anaamua warushaji gani wa akiba awatumie na gani awapumzishe. Siku ambayo ana mkeka atawachosha wote ili ashinde leo, kesho ambayo hana mkeka watakuwa hoi. Na siku ambayo hakubeti, yule anayempokea hela anajua tayari kwamba kocha mwenyewe leo haiamini timu yake, hiyo ni taarifa ya kuuza. Halafu ukiwa na deni kwa hao watu, kesho wakikuambia tulipe kwa namna nyingine utasemaje? Hakuna ushahidi kwamba Rose aliuza mechi, na mi sisemi aliuza. Nasema aliiweka mechi yenyewe mfukoni mwa watu wa nje. Ukishaanza kujiuliza kama mechi ni ya kweli huna mchezo tena, una maigizo.

Tena hii sio kanuni iliyojificha. Tangu ule uozo wa 1919, wachezaji wa Chicago White Sox kula hela za wacheza kamari kwenye World Series na wanane kufungiwa maisha, kanuni ya kubeti imebandikwa kwenye kila chumba cha kubadilishia nguo cha ligi. Rose aliipita kila siku ya kazi kwa miaka zaidi ya 20. Na 2015 zikaja karatasi zinazoonyesha alikuwa anabeti hata 1986 akiwa bado anacheza, kwa hiyo hata ule mstari wa "alibeti kama kocha tu" ukafa.

Kesi ya Bonds ni dawa. Maabara ya BALCO kule California ilituhumiwa kuwapa wanamichezo stiroidi, mwaka 2003 akaitwa mbele ya baraza la mahakama, akasema alitumia vitu alivyopewa na mwalimu wake wa mazoezi, cha kupaka na cha kudondoshea mdomoni, ila alidhani ni mafuta ya kitani na dawa ya maumivu ya viungo. Mi siamini hata kidogo, mwanamichezo wa kiwango kile anajua kila kinachoingia mwilini mwake. Alipatikana na hatia ya kuzuia haki 2011, rufaa ikaifuta 2015. Kisheria yuko safi, mtaani hayuko safi.

Lakini angalia mazingira. Kamishna alitoa waraka wa kukataza stiroidi 1991 ila hakuna aliyepimwa. Hakuna! Upimaji wa kwanza ulikuja 2003, wa siri na bila adhabu, na adhabu za kufungiwa zikaja 2005. Ligi ilikuwa imetoka kwenye mgomo wa 1994 uliofuta mpaka World Series, viwanja vilikuwa vimenuna, homurani zikarudisha watu na hela, na wakubwa wakaangalia pembeni. Bud Selig aliyeongoza ligi tangu 1992 aliingizwa Cooperstown 2017. Bosi wa duka yumo, muuzaji wa kaunta yuko nje. 2022, mwaka wa mwisho wa Bonds kwenye karatasi, alipata asilimia 66 akakosa, na siku hiyo hiyo David Ortiz akaingia kwa 77.9, Ortiz ambaye gazeti la New York Times liliandika 2009 kwamba jina lake lilikuwa kwenye ile orodha ya vipimo vya siri. Ligi baadaye ikasema baadhi ya vile vipimo vina maswali, sawa, ila na Bonds naye hajawahi kufungiwa hata mechi moja kwa dawa. Tofauti ni nini? Ortiz anacheka na waandishi, Bonds alikuwa anawafukuza. Nasema hivo kwa sababu wanaopiga kura ni waandishi.

Na hicho kipengele cha tabia, ndani ya jumba kuna Cap Anson, aliyegoma kucheza dhidi ya wachezaji weusi miaka ya 1880 na kusaidia kuwafungia mlango kwa zaidi ya nusu karne. Gaylord Perry yumo, alipaka mipira mafuta na mate kazi nzima na akakiri mwenyewe. Kwa hiyo tusiambiane habari za malaika.

Sasa wapi Rose anashinda. Kwanza rekodi yake ni safi na ya Bonds sio. Ukimwonyesha mtoto namba 4256 huna haja ya kumweleza kitu, ukimwonyesha 762 lazima ukae naye chini umweleze. Mpira wa homurani ya 756, ile iliyompita Hank Aaron 2007, ulinunuliwa na mbunifu wa mavazi Marc Ecko, akawaacha watu wapige kura mtandaoni aufanyeje, wakaamua uchorwe alama ya kinyota, alama ya mashaka, akaupeleka Cooperstown hivo hivo. Kwa hiyo mpira umeingia na doa lake, mpigaji yuko nje. Pili Rose amelipa. Alifungiwa miaka 35 mpaka anakufa tarehe 30 Septemba 2024, na ukisema adhabu ya maisha basi maisha yameisha. Ligi yenyewe ilisema hivyo Mei 2025, kamishna Rob Manfred akaamua kwamba kifungo kinaisha mtu akifa, Rose na Shoeless Joe Jackson wa 1919 wakatolewa kwenye orodha. Kama wewe ni mtu wa kusema adhabu ikiisha imeisha, basi huyo ni wako, na siwezi kukulaumu.

Mi kinachonikwamisha ni kwamba kumwingiza baada ya kufa kunamfurahisha nani. Na kuna jambo jingine, siku hizi ligi ina mikataba na makampuni ya kubeti, matangazo mechi nzima, na wachezaji vijana wana simu mkononi. 2024 Tucupita Marcano wa San Diego alifungiwa maisha kwa kubeti, mechi za timu aliyokuwa nayo zikiwemo. Wakati kama huu ndo unataka kumpandisha Rose jukwaani? Hapana.

Kama unapiga hesabu za nani ana nafasi kweli, hapo Rose yuko mbele. Kamati inayohusika na wa zamani inakaa Desemba 2027. Bonds alipelekwa kwenye kamati ya watu 16 Desemba 2025 akapata chini ya kura tano, na kwa kanuni mpya hiyo inamtoa kwenye duru inayofuata, mpaka 2031, na akianguka tena hivo anafutwa jumla. Aliyeingia siku hiyo ni Jeff Kent kwa kura 14. Kent huyu alikuwa mwenzake Giants, mara nyingi anapiga nyuma yake, wanachukiana, 2002 walishikana mashati benchini kamera zikiwaka. Kent ni mzuri, hakuna mchezaji wa besi ya pili mwenye homurani nyingi kama yeye, ila kama ungewauliza warushaji wa miaka ile wanamwogopa nani kati ya hao wawili wangekucheka.

Roger Clemens simrefushi, ni Bonds wa upande wa kurusha, ushindi 354, Cy Young (tuzo ya mrushaji bora) saba, tuhuma za aina ile ile, mahakama ikamwachia 2012. Ukimpa Bonds mpe na Clemens, ukimnyima mmoja wanyime wote. Shoeless Joe yeye alipiga .375 kwenye ile World Series ya 1919 lakini alikiri kupokea dola 5000, na mtu aliyepokea hela siwezi kumtetea hata angepiga .900.

Na kama hizi kesi zote zimekuchosha, unataka kura yako iende kwa mtu asiye na faili popote, nenda kwa Kenny Lofton. Mlinzi wa katikati wa Cleveland, kijana aliyecheza basketi ya chuo cha Arizona mpaka nusu fainali ya taifa kabla ya kuhamia huku, aliongoza American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, kwa kuiba besi miaka mitano mfululizo, 1992 mpaka 1996, akamaliza na besi 622, hiti 2428, wastani .299 na Gold Glove nne. Bahati yake mbaya jina lake liliingia kwenye karatasi 2013, mwaka ule ule wa Bonds na Clemens, karatasi imejaa majina makubwa na nafasi ni 10 tu, waandishi wakagombana wao kwa wao kuhusu dawa na mwisho hawakumchagua mtu hata mmoja. Lofton alipata kura 18 kati ya 569, chini ya asilimia 5, akafutwa mwaka wa kwanza tu, na watu wengi wanaobishana kila Januari hata hawakumbuki kwamba alikuwepo.